Posta imejaa au Posta kumejaa?

SWALI: Naandika habari za biashara Dar es Salaam. Niliandika "Posta imejaa watu", mhariri akageuza "Posta kumejaa watu". Nimekosea wapi? Na mbona Posta Mpya haina "ya", ila Posta ya Zamani inayo?

JIBU: Mhariri yuko sahihi, maana ulikusudia eneo. Ajabu ya katikati ya jiji lile ni kwamba Benki Kuu ina minara yake Mtaa wa Mirambo, mabenki yamepangana pande zote, lakini watu hawasemi "naenda Benki". Wanasema "naenda Posta". Jina la ofisi limekuwa jina la mahali, na sarufi inabadilika pamoja nalo. Posta imejaa: foleni imefika mlangoni kwa wanaofuata vifurushi. Posta kumejaa: ni huko kituoni, barabarani, mpaka karibu na Sanamu ya Askari.

Ukishikwa na shaka, tanguliza "huko" au "hapa". Huko Posta kumejaa. Hapa Posta pamejaa. Ku- ni ya eneo lisilo na mpaka dhahiri, pa- ni ya pale unapopaonyesha kwa kidole. M- ya ndani, kama "mle benkini mmejaa", haifai kwa mtaa mzima. Virejeshi navyo hufuata: "Posta ninakofanya kazi", lakini "posta inayouza stempu", kwa herufi ndogo.

Kariakoo ndiko kosa hili linakoumiza zaidi. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu. Mwandishi akiandika "Kariakoo imeungua", mwenye duka mitaa mitatu kutoka pale ataruka kitandani. Andika "Soko la Kariakoo limeungua", na kitenzi kitashika ngeli ya soko. Hata hivyo, i- si haramu kwa majina ya mahali: "Kariakoo imekua" ni sawa kabisa, kwa sababu hapo unautazama mtaa kama kitu kimoja chenye historia yake.

Na historia ipo. Jina limetoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi kikosi hichohicho kimeacha jina Kariokor. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi hao pia katika maandishi yake. Kwa hiyo usitafute mzizi wa Kibantu ndani ya "Kariakoo", wala usiongeze -ni. "Benkini" na "sokoni" ni sahihi kwa sababu ni nomino za kawaida. "Kariakooni" na "Postani" hapana, jina la mahali linajitosheleza.

Kuhusu "ya": -pya ni kivumishi, hushika nomino moja kwa moja, ndiyo maana tuna Posta Mpya. "Zamani" si kivumishi, ni neno la wakati, na huhitaji -a unganifu ili lieleze nomino: nyumba ya zamani, Posta ya Zamani. Ukitaka kuiacha "ya", tumia kivumishi chenyewe, -kuukuu, ila hapo utakuwa unasema jengo limechakaa.