Watoto na picha za kutisha za Halloween: mimi nafanyaje (jibu refu, samahanini)

Dada uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Mmehamia Minnesota, Marekani, mwaka huu, watoto watatu, wa miaka 3, 6 na 10, wamerudi kutoka shule na makaratasi ya wachawi na mafuvu ya kupaka rangi ya Halloween (ile sikukuu ya kutishana ya tarehe 31 Oktoba), mdogo analia akiona fuvu, wa kati anamaliza dakika tano kashachoka, mkubwa anasema hizo ni za watoto wadogo, unauliza uwafanyie nini. Mimi nafanya kazi na watoto baada ya masaa ya shule, huku huku upande wa kaskazini mwa Minneapolis, Oktoba yote mikono yangu inakuwa ya orenji, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Kwanza uelewe umeingia jimbo gani. Hapo juu yenu kidogo kuna mji unaitwa Anoka, wenyewe wanajiita makao makuu ya Halloween duniani, na sio masihara, walianza sherehe ya mji mzima mwaka 1920 kwa sababu vijana walikuwa wanafanya fujo usiku ule, wanafungulia ng'ombe wa watu wanazurura barabarani, wazee wakaona bora tuwape gwaride na peremende watulie. Afu kuna hali ya hewa. Mwaka 1991 theluji ilianza tarehe 31 Oktoba yenyewe, ilipokuja kukata, Minneapolis ilikuwa na inchi 28.4, yaani kama sentimita 72, wenyeji mpaka leo wanaisimulia. Usiku wenyewe watoto wengi wanatoka na jaketi juu ya kostyumu, kostyumu haionekani kabisa, wanazunguka kidogo nyumba kwa nyumba kuomba peremende, wanarudi. Ndo maana nakwambia shughuli za mezani ndani ya nyumba sio za kupuuza, ndo sehemu kubwa ya sikukuu.

Sasa kuhusu hizo karatasi. Karatasi ya kuprinti peke yake inachosha kwa sababu kila kitu kishaamuliwa, mtoto kazi yake ni kujaza tu. Kinachomkalisha mtoto ni pale rangi yenyewe inapofanya kitu, inapotokeza, inapofichua, inapochanganyika. Ukishika hilo huhitaji kununua vitabu vya bei.

Huyu wa miaka 3 anza na mizuka ya siri. Chukua karatasi nyeupe nzito kidogo, mchore wewe mizuka midogo midogo kwa krayoni nyeupe, gandamiza haswa, yeye asione. Akija anaona karatasi tupu. Mpe brashi na rangi ya maji ya zambarau au nyeusi iliyozimuliwa, apake. Krayoni ni nta, inakataa maji, kwa hiyo mizuka inatokeza kila anapopitisha brashi. Utamu wake ni kwamba yeye ndo anaitoa, akiogopa anaacha, akitaka anaendelea, hakuna mtu anayemrukia na kitu. Mimi nimeona watoto waoga kabisa wanaishia kuwapa mizuka majina. Na kama fuvu linamliza, liondoe tu mezani mwaka huu, hakuna mtihani wa mafuvu, mpe boga apachike macho na mdomo atakavyo yeye, la kucheka, la kununa, lenye jino moja.

Wa miaka 6 mpe buibui wa viganja. Anapaka rangi nyeusi ya kunawika viganja viwili bila dole gumba, anagandamiza kwenye karatasi, sehemu za chini za viganja zikipandana, vidole vinne huku vinne kule, hapo una miguu minane kamili. Ikikauka mwambie buibui wengi wana macho manane, utaona atakavyohangaika kuyapanga yote, hapo dakika tano zimeshapita zamani. Kingine cha umri huo, usimpe rangi zote. Orenji, zambarau na kijani, ambazo ndo rangi za Halloween ukiacha nyeusi, zote zinatengenezwa, kwa hiyo weka nyekundu, njano na bluu tu mezani afu mwambie boga liwe orenji, kofia ya mchawi iwe zambarau, uso uwe kijani, ajue mwenyewe. Angalizo, nyekundu ikiwa imeelekea orenji ukichanganya na bluu unapata rangi ya matope, tafuta nyekundu iliyoelekea pinki. Na zile karatasi za shule zikate katikati wima, mpe nusu ya uso ulioprintiwa, nusu ya pili achore mwenyewe. Mchawi anayetoka hapo anatisha kuliko wa kiwandani, jicho moja juu jingine shavuni.

Kuhusu mchawi naomba nitoke kidogo nje ya mada. Watoto wetu wa Kibongo waambie kwamba kwetu mchawi hapandi ufagio, anapanda ungo. Nimewahi kuwaambia watoto kwenye meza moja, kilichofuata ni makaratasi yote yana mchawi kwenye ungo, mwingine kaweka paka nyuma kama abiria wa bodaboda, watoto wa Kizungu nao wakataka ungo. Ila ukimpigia bibi video, picha ya bundi usimwonyeshe, utaulizwa maswali usiku kucha 😂

Haya, huyu mkubwa. Wa miaka 10 hataki picha, anataka ufundi. Mfundishe ya kukwangua. Karatasi ngumu, aijaze yote krayoni za rangi kali, njano, pinki, kijani kibichi, asiache kijitundu cheupe na agandamize mpaka ing'ae. Juu yake apake rangi nyeusi nzito ya maji (poster paint) iliyotiwa tone la sabuni ya kuoshea vyombo, bila sabuni rangi inateleza kwenye nta haishiki. Iache ikauke vizuri, hata mpaka kesho yake. Afu mpe kijiti cha mshikaki akwangue usiku wake, nyumba mbovu, popo, makaburi, mwezi, kila mstari anaokwangua unatoka na rangi tofauti. Huyo hutamsikia masaa.

Kama ana rafiki wa Kimeksiko ataleta yale mafuvu yenye maua, ni mazuri sana kupaka rangi na wakubwa wanayapenda kwa sababu yana vinakshi vingi. Ila mwambie ukweli kwamba hayo sio Halloween. Ni ya siku ya wafu wao, tarehe 1 na 2 Novemba, wanakumbuka ndugu waliofariki, wanaweka picha zao, chakula, maua ya njano. Mimi sipendi nikiona yanachanganywa kwenye rundo moja na mazombi.

Boga la kweli. Kwa watoto wa umri huo usihangaike na kuchonga, visu hivyo na wa miaka 3 pembeni hapana. Lipakeni rangi. Boga lililochongwa linaanza kuoza ndani ya siku chache, lililopakwa linakaa wiki kadhaa kama kindi hawajaligundua (watalila, jiandae). Tumia akriliki, rangi ya kunawika ikinyeshewa tu inashuka yote. Ukitaka mbwembwe, panga vipande vya krayoni juu ya boga jeupe uyeyushe na draya ya nywele, rangi inachuruzika kama damu, ila draya unashika wewe. Wakiuliza kwa nini boga, wasimulie kwamba huko Ireland na Scotland watu walikuwa wanachonga tanipu (mzizi mgumu wa kuliwa), wahamiaji walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, tanipu ikasahaulika.

Vifaa, haraka haraka. Kwenye boksi la rangi tafuta alama ya AP, maana yake imepimwa haina sumu. Ukiprinti chagua picha za mistari mitupu, zile zenye usiku mweusi mzima zinanywa wino wote wa printa yako, na usisahau maktaba ya mtaani kwako, wakati huu wengi wanatoa karatasi bure. Kwenye karatasi nyeusi krayoni za kawaida hazionekani, tumia chaki. Rangi ya usoni ijaribu kwanza mkononi kidogo, usubiri uone ngozi inasemaje.

Na kwa wale waliokujibu kwamba Mkristo hapaswi kabisa kusherehekea Halloween, kila nyumba na imani yake, siingilii. Kama nanyi hamtaki, mwandikie mwalimu kistaarabu kwamba watoto wako wapewe maboga na majani ya msimu badala ya wachawi, maombi ya hivyo wameyazoea, na makanisa mengi yana sherehe yao ya mavuno siku hiyohiyo.

Mwisho, kama mmojawenu ana aleji ya karanga au maziwa, pakeni boga moja rangi ya bluu-kijani mliweke mlangoni. Hiyo tangu 2014 ni ishara inayojulikana nchi nzima kwamba nyumba hii inatoa vitu visivyoliwa, stika, penseli, krayoni. Na hizo krayoni zenyewe, pamoja na karatasi nyeusi na stika za popo, kanunue tarehe 1 Novemba, madukani wanakuwa wanazitupa kwa bei ya kushangaza, unaweka kabatini za mwakani.