Kabla hujauimba uchungu wa mtu

Wimbo wangu kuhusu mjane mmoja ulipoanza kupigwa redioni, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watu walinisimamisha njiani kunipa mkono. Kijana wa boda alikataa kabisa nauli yangu. Juma hilohilo, mama niliyemwimba alikuwa amehamia kwa dada yake na watoto, maana mashemeji waliokuwa wakimnyang'anya shamba walishajua nani amesema.

Jina lake sikulitaja. Nilitaja mwembe ulio mbele ya nyumba, watoto wanne, na mume aliyefia barabarani kwenda Koboko. Kijijini hayo yanatosha.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akanipa chai kwanza, ndipo akasema: "Mwanangu, wimbo ni mzuri. Ila wewe ulirudi mjini, mimi nikabaki nao." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niwaandikie ninyi wadogo zangu mnaotaka kutumia jina lenu kutetea haki. Jina linamkinga mwenye nalo. Anayesimama karibu yako halimfuniki.

Sisi wa Arua tumeliona hilo kwa macho. Agosti 2018, wakati wa uchaguzi mdogo, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa pia mbunge, alikamatwa hapa. Wanamuziki wakubwa wa nje, akiwemo Angélique Kidjo, walitia saini barua ya kumtetea, na nafurahi walifanya hivyo. Lakini dereva wake, Yasin Kawuma, alikuwa ameshauawa kwa risasi. Kila ninapopanga shoo yenye ujumbe mzito huwa namkumbuka yeye, kisha nawauliza mpiga ngoma, fundi wa spika na dereva, mmoja mmoja, kama wako tayari. Akikataa mtu, simwoni mwoga, na malipo yake ya shoo nyingine hayaguswi.

Philly Lutaaya, mwanamuziki mwenzetu wa Uganda, namheshimu kwa jambo lingine. Mwaka 1989 alitangaza kwamba ana virusi vya Ukimwi, wakati ambapo mgonjwa alitengwa hata na ndugu zake. Wapo waliodhani anatafuta pesa. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza huku mwili unaisha, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Siri aliyoitoa ilikuwa yake mwenyewe, na gharama akailipa mwenyewe. Ukiimba ya mwenzako, siri si yako, kwa hiyo ruhusa uiombe.

Uiombe vipi? Usimpelekee karatasi ya kusaini. Kaa naye, umwimbie wimbo mzima kwa gitaa au adungu, kinubi chetu cha asili, kabla hujalipia studio hata shilingi. Mwambie utapigwa redio ipi, na nani atausikia. Mpe siku kadhaa afikirie bila wewe kuwepo. Akitaka mstari utoke, utoke, hata kama ndio mstari unaoupenda kuliko yote. Badilisha mwembe, badilisha idadi ya watoto.

Halafu weka ndani ya wimbo kitu ambacho msikilizaji anaweza kukishika. Mimi niliimba machozi matupu, nikasahau kwamba mabadiliko ya sheria ya mirathi ya mwaka 2022 yaliongeza fungu la mjane kutoka asilimia 15 hadi 20 pale marehemu asipoacha wosia. Nilisahau pia kuwaambia akina mama kwamba FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, ina wanasheria wanaosaidia wanawake, na kwamba Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko. Mistari miwili tu ingetosha.

Za wafadhili sitasema mengi: anayetaka picha na mjane kabla hajauliza mjane anaishije, mkatalie.

Wimbo tuliurekodi upya. Mwembe aliuondoa yule mama mwenyewe, akaongeza ubeti wa Kilugbara, lugha ya huku kwetu, kuhusu mihogo aliyoipanda na kuvunwa na wengine. Kesi ya shamba bado inaendelea. Siku za mahakama mimi humsindikiza na kukaa benchi la nyuma, na nauli yetu sote hutoka kwenye pesa za shoo.