Maswali ya Wasomaji: Sayari za Moto

Swali: Sayari kubwa zenye joto kali, zinazozunguka nyota angavu za mbali, hugunduliwaje ilhali hazionekani?

Jibu: Sayari ipitapo mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hufifia kidogo, na ufifiaji huo ukijirudia kwa vipindi sawa, wanaastronomia huanza kushuku. Ndivyo mradi wa KELT, uliosaka sayari kwa darubini ndogo, ulivyoipata sayari KELT-9b, iliyotangazwa mwaka 2017, ambayo mwaka wake haufiki siku moja na nusu, na ambayo upande wake wa mchana, wenye nyuzi zaidi ya 4,000 za Selsiasi, una joto kuliko nyota nyingi. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba darubini za mradi huo, moja Arizona, Marekani, na nyingine Sutherland, Afrika Kusini, zilikuwa na lenzi zenye kipenyo cha milimita 42 tu. Udogo huo uliziwezesha kuchunguza eneo pana la anga pamoja na nyota angavu ambazo mwanga wake huzidi uwezo wa vipokezi vya darubini kubwa.