Nimekuwa mkalimani kati ya mama yangu na mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, nimeolewa Hamburg mwaka wa tisa sasa, na nina binti wa miaka sita. Agosti nilimpeleka kwetu kwa mara ya kwanza, bila baba yake. Tulikosa ndege ya kuunganisha Addis Ababa, mabegi yakabaki, na tulipofika Dar nikadaiwa cheti cha homa ya manjano cha mtoto ambacho sikuwa nacho. Kwenye boti mtoto alitapika tangu tulipotoka Unguja mpaka gati la Mkoani. Zawadi zote zilikuwa kwenye mabegi, nikaingia kwa mama mikono mitupu. Mtoto haelewi Kiswahili, mama hajui Kijerumani, nikawa mkalimani wiki tatu. Watoto wa jirani walimwita mzungu. Alichopenda ni kukaa na bibi yake jioni kuchambua karafuu tu. Siku ya kuondoka wifi yangu akaniambia mbele ya watu, "Mwacha asili ni mtumwa." Mama alinyamaza. Kurudi huku, uwanja wa ndege wakatuzuia karibu saa nzima kwa kuwa jina la ukoo la mtoto si langu. Juzi nimekuta mfuko wa koti lake umejaa makonyo, vile vijiti vya karafuu, kabati zima linanukia. Nimeapa simpeleki tena mpaka awe mkubwa. Mume wangu anasema nakosea. Je, nimeshindwa kuwa mama?*

Marahaba, mwanangu. Pole na safari, na pole ya pili kwa huyo wifi.

Ya njiani tuyamalize haraka. Sindano ya homa ya manjano adungwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo ni adha ya mara moja. Chukua barua ya baba yake ya kuruhusu safari, yenye saini, iambatane na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa mama ni wewe. Na Agosti ni kusi, upepo unaochafua bahari! Wewe mtoto wa Wete hukuhitaji kuambiwa hilo na mimi. Mtoto ambaye hajazoea bahari mkatie tiketi ya ndege ndogo hadi uwanja wa Chake Chake, na pesa ikipungua, punguza zawadi. Mwaka niliokwenda Muscat kwa dada yangu, chupa ya achari ilinipasukia ndani ya begi lenye kanga zote nilizobeba. Dada alizigawa vilevile, zikinuka siki, na mpaka leo wenyewe wakiniona wanaulizia achari.

Sasa niingie kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Mabegi, boti na viwanja vya ndege umeviandika kwa kirefu, halafu katikati kuna sentensi moja umeipita mbio: alichopenda ni kukaa na bibi yake kuchambua karafuu *tu*. Hilo "tu" ndilo lililonikalisha kitako.

Jioni ya msimu unaijua. Magunia yametua, watu wamekaa kwenye jamvi, shada linasuguliwa kiganjani, karafuu huku, makonyo kule, na maneno yanayosemwa hapo mengi hata hayahusu kazi. Anayekosea anashikwa mkono, anaonyeshwa, basi. Kazi ile haitaki mkalimani. Mama yako amemfundisha mjukuu wake kitu ambacho baba yake hakijui, mwalimu wake hakijui, na mtoto akakishika. Ulikuwepo? Hukuniandikia vidole vyake viligeuka rangi gani, wala kama alikuwa anacheka. Nadhani ulikuwa pembeni na simu, unayafuatilia mabegi. Sikulaumu, ningefanya hivyohivyo.

Ila boti siyo iliyokuuma. Kilichokuuma ni kuisikia sauti yako wiki tatu, "bibi anasema hivi", "mtoto anasema vile", mbele ya mama aliyekufundisha wewe kusema. Wifi yako alikuta kidonda kiko wazi, akatia chumvi. Na hiyo methali yake nimeichoka. Wanaume wetu wangapi wamezaa Ulaya watoto wasiojua hata "hodi", na wakishuka Mkoani wanapokewa kama mabwana harusi? Mwacha asili siku hizi ni mwanamke peke yake.

Hata hivyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka sita bila kumsemesha mtoto Kiswahili ni mingi. Najua uchovu, najua mume haelewi, na labda mtu alikuambia lugha mbili zitamchanganya. Hazimchanganyi. Watoto wengi wa Mombasa na Goma wanaingia darasa la kwanza na lugha tatu mdomoni, na hakuna anayewahurumia.

Usianze na rangi na namba. Wala usimweke mbele ya simu na kumwambia "haya, sema shikamoo", maana hapo unamfanya kasuku, na bibi mwenyewe anaona haya. Mfundishe maneno mawili: "Hii nini?" Kisha mpigie mama saa anayopika au anayoanika, simu iegemezwe kwenye kitu, wewe ondoka chumbani. Ondoka kweli. Hawataelewana, watanyamaza, mtoto atakuja mbio kukuuliza bibi kasema nini, nawe mrudishe akamuulize mwenyewe. Uzuri ni kwamba tayari wana jambo la kuzungumza, na neno "makonyo" nina hakika analo.

Kuhusu mama kunyamaza, nawe umeshamtungia maneno moyoni. Muulize. Huenda alikuwa anamkasirikia mkaza mwanawe. Huenda alikuwa anazuia machozi kwa kuwa mnaondoka. Mimi ninayekaa mbali siwezi kukuambia, na wewe uliyekuwepo hukumuuliza.

Kiapo chako sikikubali. "Awe mkubwa" maana yake nini, miaka kumi na mitano? Akifika huko atataka kukaa na simu yake, na huyo bibi naye hapungui umri. Mrudishe msimu ujao, na safari hii mkae Wete pale pale kwa mama. Usimzungushe mtoto kwa shangazi na wajomba wote kama mwari. Wanaomtaka waje jamvini, kazi ipo.

Hujashindwa. Umechoka, na umeaibishwa hadharani, mambo ambayo usiku wa manane yanafanana sana na kushindwa.

Na hayo makonyo ya mfukoni usiyatupe. Yana mnunuzi hayo, kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta. Muulize binti yako alikuwa anayapeleka wapi.