Nabii aliyemjibu mpinzani wake "Amina"

Swali la wiki hii liliuliza: mtu akisimama na kusema "Mungu amenituma", msikilizaji atamtambuaje siku hiyo hiyo, kabla mambo hayajatokea?

Jibu la haraka liko katika Kumbukumbu la Torati 18: nabii akinena na neno lisitimie, Bwana hakulinena. Kanuni ni nzuri, ila hukumu yake huja imechelewa. Aliyeuza ng'ombe kwa unabii aliousikia kwenye mkesha wa mwaka mpya haokolewi na kanuni hiyo ikifika Desemba. Ndiyo maana namleta Yeremia. Yeye alipambana uso kwa uso na nabii mwenzake hekaluni, umati ukitazama, na saa ile hapakuwa na mtu aliyeweza kuthibitisha nani mkweli.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Yeremia alizaliwa katika ukoo wa makuhani huko Anathothi, kijiji kilicho kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, akaitwa mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, yaani kama mwaka 627 K.K. Alijitetea kwamba yeye ni mtoto, hajui kusema; utetezi haukupokelewa. Miaka 30 baadaye, mwaka 597 K.K., Nebukadreza wa Babeli aliuteka mji, akamchukua mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu, mafundi, wahunzi na vyombo vya hekalu, akamweka Sedekia atawale. Haikupita miaka mingi, wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni wakawa Yerusalemu. Harufu ya uasi ilikuwa hewani. Yeremia akajitengenezea nira, akaivaa shingoni, akawaambia wote: mtumikieni mfalme wa Babeli mpate kuishi.

Ndipo akatokea Hanania mwana wa Azuri, kutoka Gibeoni. Alisema ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Tusimdharau. Alitumia maneno yale yale aliyoyatumia Yeremia: "Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi." Zaidi ya hapo, ujumbe wake ulikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 701 K.K. Senakeribu wa Ashuru alitishia Yerusalemu, nabii Isaya akasema hataingia, na kweli hakuingia. Hanania alikuwa akirudia jambo lililowahi kuwa kweli, isipokuwa alilirudia kwa kizazi kingine na adui mwingine. Ningekuwepo pale, nadhani ningemshangilia Hanania. Nani asingetaka ndugu zake warudi?

Tazama sasa Yeremia anavyojibu katika sura ya 28 ya kitabu chake. Anasema: "Amina, Bwana na afanye hivi." Wapo wanaosoma kejeli hapo. Mimi sioni kejeli, kwa sababu mtu huyu kitabu chake chote ni kilio. Anatamani kichwa chake kingekuwa maji na macho yake chemchemi ya machozi, awalilie watu wake mchana na usiku. Alitaka Hanania awe sahihi. Akaongeza tu kwamba manabii wa zamani walitabiri vita na mabaya, na anayetabiri amani atajulikana amani ikija. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu wote. Na Yeremia? Akaenda zake.

Naupenda mstari huo kuliko miujiza mingi. Hakuwa na jibu la kutupa papo hapo, naye hakulitunga. Neno la nira ya chuma badala ya nira ya mti lilimjia baadaye, na hapo ndipo alipomrudia Hanania kumwambia kwamba atakufa mwaka ule ule. Hanania alikufa mwezi wa saba, miezi miwili baada ya majibizano. Lakini ukiniuliza ni wapi nilipomtambua nabii, nitasema ni pale kwenye "Amina" na pale kwenye kuondoka kimya. Anayebuni ujumbe huutetea, kwa kuwa ni mali yake. Yeremia alikuwa na ujumbe ambao angefurahi kuupoteza.

Hata hivyo aliishi kana kwamba ni kweli, na gharama aliilipa mwenyewe. Alipohubiri kwamba hekalu litakuwa kama Shilo, mahali pa ibada pa zamani palipoharibiwa, makuhani walitaka auawe. Aliponea kwa wazee waliokumbuka kwamba nabii Mika naye aliwahi kusema Sayuni italimwa kama shamba, na kwa msaada wa Ahikamu mwana wa Shafani. Nabii mwingine wa wakati ule, Uriya, alifuatwa hadi Misri, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la maneno ya Yeremia kipande kwa kipande na kulitupa katika makaa aliyokuwa akiyaota. Baruku, mwandishi wake, akaandika upya, na mengine yakaongezwa. Mji ulipozingirwa mara ya mwisho, wakuu walimshusha kwa kamba katika shimo lisilo na maji, tope tupu, naye akazama humo. Aliyemwokoa alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, aliyekumbuka hata kumshushia matambara ayaweke makwapani kamba zisimchune. (Katika mji mzima wa watu wa agano, huruma ilitoka kwa mgeni.) Wawili kati ya waliomshtaki, Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri, si majina ya kitabuni tu: chapa za udongo za mihuri yenye majina hayo zilichimbuliwa Yerusalemu, moja mwaka 2005 na nyingine 2008.

Mtu anaweza kusema: basi kila mtangaza balaa anayeteswa ni nabii? La. Wapo wanaopenda maafa, na mateso huwaongezea sifa. Hapo ndipo shamba la Anathothi linapoingia, sura ya 32. Mji umezingirwa na wenye njaa wamejaa, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, na nje majeshi ya Babeli yanatawala nchi. Anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake, kumwomba anunue shamba la ukoo. Mtu mwenye akili za biashara angecheka. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, karibu gramu 190, anaweka mashahidi, anatia muhuri, na hati zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, zinawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hii, anasema. Kisha, na hili huwa linarukwa, anaomba sala ndefu ambayo kwa ufupi inauliza: Bwana, umeniambia ninunue shamba wakati mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli? Fedha ilikuwa imeshatoka mfukoni. Swali lilifuata.

Kwa hiyo balaa alilitangaza akitamani lisije, na tumaini alilitangaza kwa fedha yake wakati halikuwa na soko. Hanania hakuweka chochote mezani. Mimi sina kipimo kingine cha siku hiyo hiyo: naangalia ni nani atakayelipa neno likiaminiwa, msemaji au wasikilizaji.

Tena nina sababu ya kutotegemea sana matokeo. Mji ulianguka mwaka 587 au 586 K.K., hekalu likachomwa, kila kitu kama alivyosema. Tungetarajia sasa asikilizwe. Waliosalia walimwomba ushauri, akawaambia wasiende Misri. Wakamwita mwongo, wakaenda, na yeye wakamchukua. Huko, sura ya 44, anawakemea kwa kumfukizia uvumba mungu wa kike waliyemwita malkia wa mbinguni. Wanaume na wanawake wanamjibu kwa utulivu kabisa: tulipokuwa tukifanya hivyo tulishiba na hatukuona mabaya, tangu tulipoacha, tumepungukiwa na vyote. Maangamizi yale yale, maelezo tofauti. Yeremia akawapa tena ishara ya kungojea, kwamba Farao Hofra atatiwa mikononi mwa adui zake. Hofra aliangushwa na jemadari wake Amasis kama mwaka 570 K.K. Kama yupo aliyeikumbuka ishara hiyo siku ile, haikuandikwa.