Maswali ya Wasomaji: Shali, Kopo la Kiberiti na Jack the Ripper

SWALI: Kaka Mhariri shikamoo. Nimeshasoma vitabu vinne vya Jack the Ripper na kila kimoja kina muuaji wake, sasa nimekutana na habari kwamba DNA kwenye shali ya mmoja wa wale wanawake imemtaja Mpolandi anaitwa Kosminski. Ina maana kesi imeisha?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwa asiyemjua, Jack the Ripper ni jina alilopewa muuaji wa wanawake watano London mwaka 1888, ambaye mpaka leo hajajulikana. Kesi haijaisha, na hiyo shali ngoja niielezee taratibu manake watu wengi sana wameimeza nzima nzima.

Shali inasemekana ilikua ya Catherine Eddowes, mwanamke wa miaka 46. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1888 polisi walimkuta kalewa wakamweka ndani kituo cha Bishopsgate, wakamwachia saa saba usiku, na kufika saa nane kasorobo askari wa doria anaukuta mwili wake Mitre Square, uwanja mdogo wa London. Dakika arobaini na tano tu hizo. Sasa polisi waliandika orodha ya kila kitu alichovaa na alichobeba, na orodha hiyo ipo mpaka leo, na mi kila nikiisoma naumia kwa sababu ni maisha yote ya mtu yamebebwa mifukoni: kopo la majani ya chai, kopo la sukari, vipande sita vya sabuni, viko viwili vya udongo, glavu moja nyekundu isiyo na mwenzake, risiti mbili za rehani, kopo la kiberiti lisilo na kitu. Wameandika mpaka vitambaa vichakavu. Shali kubwa ya hariri yenye maua haimo.

Walioitetea wakasema ilichukuliwa na sajenti mmoja, Amos Simpson, akampelekea mkewe. Lakini Simpson alikua polisi wa Metropolitan, jeshi la sehemu kubwa ya London, na Mitre Square iko eneo la polisi wa City, yaani kitovu cha zamani cha mji, jeshi lingine kabisa lenye wakubwa wake, na hakuna karatasi inayomweka pale usiku ule. Shali ikanunuliwa mnadani 2007, mnunuzi akatoa kitabu 2014, makala ya kisayansi ikafuata 2019. Na DNA yenyewe ni ile ya upande wa mama, ambayo watu chungu nzima wasiojuana wanakua nayo sawasawa, kwahiyo inaweza kumtoa mtu kwenye kesi lakini haiwezi kumnyooshea kidole mmoja peke yake. Tena kwenye yale madai ya 2014 alama waliyoiita adimu iliandikwa kwa namba iliyokosewa, ukiirekebisha unakuta karibu Wazungu wote wanayo! Hapo bado hujahesabu mikono yote iliyoishika hiyo shali.

Orodha ileile imeleta shida kwa kitabu kingine pia. Mwaka 1993 ilichapishwa shajara inayodaiwa kuandikwa na James Maybrick, mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool aliyekufa Mei 1889, na humo ndani "muuaji" anataja kopo la kiberiti tupu kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule wa karani wa polisi, wakati orodha ya karani ilianza kusomwa na watu wa kawaida miaka ya 1980. Aliyeileta hiyo shajara alikuja kukiri kwamba ni ya kughushi, halafu akakana kukiri kwake. Mi sihitaji kukiri kwake, lile kopo linanitosha.

SWALI: Mwalimu, mimi ni dada napenda sana kuchimba mambo ya zamani na nataka kuifanyia utafiti kesi hii mwenyewe, sina digrii ya historia. Nianzie wapi, na kweli mtu wa kawaida anaweza kugundua kitu?

JIBU: Anaweza dada yangu, na wameshagundua, tena kazi kubwa kwenye kesi hii imefanywa na watu ambao hawakutumwa na mtu. Chukua ile ripoti ya Februari 1894 ya Melville Macnaghten, mkubwa wa polisi wa Metropolitan, ambayo vitabu vingi vimejengwa juu yake. Yeye aliingia polisi 1889, mauaji yameshapita, akaandika majina matatu ya watuhumiwa: Druitt, Kosminski, Ostrog. Watu wakayabeba kama msahafu. Walipokuja wachimbaji kukagua jina moja moja ndo ikaonekana, Druitt aliyeandikwa ni daktari wa miaka 41 kumbe alikua wakili na mwalimu wa shule, miaka 31, na Ostrog, huyu ndo balaa, wakati wanawake wanauawa London yeye alikua mahabusu Ufaransa kwa kesi ya wizi. Miaka mingapi watu wamemtaja muuaji mtu aliyekua amefungiwa nchi nyingine! Na Kosminski kwenye ripoti hana hata jina la kwanza, ilibidi mwandishi Martin Fido akae apekue madaftari ya hospitali za wagonjwa wa akili ndo akampata Aaron Kosminski, aliyelazwa Colney Hatch 1891, na hata hivyo Fido mwenyewe hakuamini kwamba ndiye.

Kwahiyo anza na karatasi, usianze na mtuhumiwa. Ukianza na mtuhumiwa kila kitu kitaonekana kinamfaa. Angalia yaliyompata Charles Lechmere, mwendesha mkokoteni wa farasi wa mizigo aliyeukuta mwili wa Mary Ann Nichols, mmoja wa wale watano, pale mtaa wa Buck's Row akienda kazini alfajiri. Watafiti waligundua kwamba yule "Charles Cross" aliyetoa ushahidi jina lake la nyumbani ni Lechmere, kazi safi kabisa hiyo, lakini kuna waliochukua hilo jina la pili wakamfanya muuaji papo hapo, wakati Cross lilikua jina la baba yake wa kambo na anuani aliyotoa ilikua ya kwake kweli.

Tafuta kitabu cha Stewart Evans na Keith Skinner cha mwaka 2000, wamekusanya nyaraka zenyewe bila kukulazimisha umwone nani, kisha cha Philip Sugden cha 1994. Baada ya hapo nenda kwenye magazeti ya 1888, yameingizwa mtandaoni mengi, manake ushahidi wa vikao vya kuchunguza vifo kwa sehemu kubwa tunao kupitia waandishi waliokaa pale wakiandika. Soma magazeti mawili matatu ya siku hiyohiyo, yanapopishana weka alama. Na ujue mafaili ya polisi wa City mengi yaliteketea kwa mabomu ya vita vya pili vya dunia, hivo kuna maswali hayatajibiwa hata ukeshe.

SWALI: Kaka, mke wangu anasema kusoma habari za muuaji kila usiku ni kumtukuza. Nimjibuje?

JIBU: Mwambie shemeji kuna ukweli kwenye neno lake, ndugu yangu. Kwa miaka zaidi ya mia hawa wanawake watano waliitwa makahaba tu na mjadala ukaishia hapo, mpaka mwanahistoria Hallie Rubenhold alipoandika maisha yao 2019 akaonyesha kwamba kwa watatu kati yao huo ukahaba hauna ushahidi wa kueleweka. Wapo wanaobishana naye, lakini angalau sasa wanabishana kuhusu wao. Someni pamoja barua ya Mary Ann Nichols aliyomwandikia baba yake mwaka huohuo wa 1888, magazeti yaliichapa. Kapata kazi ya ndani, anasema nyumba ni nzuri, wenye nyumba ni watu wa dini hawagusi pombe, na anatumaini kijana wake naye amepata kazi. Tarehe 31 Agosti akauawa.