Kuhamisha mafaili kati ya Unguja na kompyuta ya Windows XP iliyopo Pemba

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza namna ya kupeleka na kuchukua mafaili kwenye kompyuta ya Windows XP iliyopo Wete ilhali wewe unakaa Unguja, na umeeleza kwamba kuibadilisha haiwezekani kwa sababu programu ya mashine yenu haikubali kompyuta mpya. Umetaja pia kwamba kuna mtu amekushauri ufungue mlango kwenye ruta ili uifikie folda ya XP moja kwa moja kupitia intaneti. Nakuomba sana usifanye hivyo. Hali yangu ilikuwa karibu sawa na yako, na nitakueleza nilipokosea na nilipopatia.

Ami yangu ana karakana ya darizi Chake Chake. Mashine yake ya kudarizi shingo za kanzu inategemea programu ambayo haifunguki mpaka ione kifaa cha leseni kilichochomekwa kwenye tundu la printa la zamani, lile pana lenye vitobo 25, na kompyuta za leo hazina tundu hilo. Michoro naitengeneza mimi Mji Mkongwe. Mwanzoni tulikuwa tukituma flashi kwa boti: msafiri anapewa Malindi na anapokewa Mkoani. Siku moja flashi ikafika na virusi vile vinavyoficha kila folda na kuacha njia ya mkato mahala pake. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambao fundi wa kanzu hana hata saa moja ya kupoteza, na tulipoteza siku mbili nzima kuisafisha kompyuta. Hapo ndipo nilipoamua kwamba flashi haitavuka tena bahari.

Kwanza uelewe kwa nini XP isiwekwe wazi. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kwa kushirikisha folda inajua lugha moja tu, SMB1, na udhaifu wa lugha hiyo ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kuenea dunia nzima, hata Microsoft wakalazimika kutoa kiraka kwa ajili ya XP ingawa walikuwa wamekwisha kuiacha. Tangu mwaka huo Windows 10 imekuwa ikisakinishwa bila SMB1, na Samba, programu inayofanya kazi hiyo ya kushirikisha folda kwenye kompyuta za mfumo wa Linux, imeizima kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kwa hiyo ukiona kompyuta yako mpya inakataa kuiona XP, usihangaike kubadilisha nenosiri. Mashine mbili hizo hazina lugha ya pamoja.

Nilichojaribu kwanza ni kuisakinishia XP yenyewe programu ya mtandao wa faragha (VPN). WireGuard, ambayo ni moja ya programu hizo, haifanyi kazi kwenye XP, na matoleo ya zamani ya programu nyengine niliyoyapata yalikuwa yamepitwa na wakati kama XP yenyewe. Nilipoteza wiki nzima katika jambo hilo na sikushauri ulijaribu.

Njia iliyofanya kazi ni kuweka kisanduku kidogo cha Linux kando ya kompyuta kongwe, kiwe mkalimani. Mimi nilitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Upande mmoja kina modemu ya laini ya simu, na upande wa pili kebo ya kawaida ya mtandao inakwenda moja kwa moja kwenye XP. XP niliipa anwani 192.168.50.2, kisanduku 192.168.50.1, na sehemu ya njia ya kutokea (default gateway) kwenye XP nikaiacha tupu. Upitishaji wa pakiti kutoka upande mmoja kwenda mwengine nimeuzima kabisa kwenye kisanduku. Maana yake ni kwamba XP haina njia ya kufika kwenye intaneti na intaneti haina njia ya kufika kwenye XP. Kinachovuka ni faili tu, na faili hilo hupumzika kwanza kwenye kisanduku. Safari moja nimeigawa kuwa mbili, na kila kipande kinatumia lugha inayofaa kwake.

Kwenye kisanduku kuna folda mbili, KUINGIA na KUTOKA, ambazo XP inaziona kama diski ya mtandao. Nimeona ni bora XP iwe ndiyo inayokwenda kuchukua kwenye kisanduku, badala ya XP kushirikisha folda zake, kwa sababu kwa njia hii hakuna mlango wowote unaohitaji kubaki wazi kwenye mashine dhaifu. Samba niliiruhusu ikubali NT1, yaani ile SMB1, lakini nikaifunga isikilize kwenye kebo hiyo moja tu. Kwenye XP badilisha thamani ya LmCompatibilityLevel katika rejista iwe 3, ili itumie uthibitisho wa NTLMv2. Bila hivyo Samba ya leo itakataa nenosiri hata kama ni sahihi. Majina ya mafaili yawe na herufi zisizozidi nane, bila nafasi, kwani programu nyingi za enzi hizo zinayakata majina marefu na fundi atashindwa kuutambua mchoro wake.

Kabla ya Samba nilitumia FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, kwa kuwa XP inakuja na amri yake, na hapo nilipata hasara ambayo sitaki uipate. Amri ile huanza katika hali ya maandishi, si ya faili ghafi. Katika hali ya maandishi, seva ya Linux huongeza baiti yenye thamani 13 kabla ya kila baiti yenye thamani 10, ikidhani huo ni mwisho wa mstari. Faili la darizi la aina ya DST lina kichwa cha baiti 512, kisha kila mshono unaandikwa kwa baiti tatu. Baiti moja ikiingia katikati, mishono yote inayofuata inasomwa kwa kuhama nafasi. Ua la kwanza la shingo lilidariziwa vizuri kabisa. Katika ua la pili sindano ikaruka hadi begani na kuanza kushona mahala pasipokuwa na mchoro. Kanzu ya mteja ikaharibika, nayo ilikuwa ya bwana harusi. Kwa hivyo ukilazimika kutumia FTP, pengine kwa sababu una mashine nyengine ya Windows 98 au DOS, andika amri ya binary, yaani hali ya faili ghafi, kabla ya kuchukua chochote, kisha linganisha ukubwa wa faili kwa baiti pande zote mbili. Ukubwa ukitofautiana hata kwa baiti moja, lisipelekwe kwenye mashine.

Sasa kipande cha safari kati ya Unguja na Pemba. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako peke yako, kwa hiyo huwezi kuipigia Pemba kutoka nje. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, na kisanduku cha Chake Chake na kompyuta yangu zote zinaiita kwa WireGuard na kukutana hapo. Upande wa Pemba weka PersistentKeepalive iwe 25, ili kila baada ya sekunde 25 kipelekwe kijipakiti cha kuiweka njia hai. Kuna dalili moja iliyonitesa: folda inafunguka, majina yote yanaonekana, mafaili madogo yanafika, lakini faili kubwa likianza linaganda bila ujumbe wowote wa kosa. Pakiti zilikuwa kubwa kuliko njia inavyoweza kuzipitisha. Nilishusha MTU ya WireGuard, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 hadi 1280 na tatizo halikurudi tena.

Jengine ni umeme, na hili ni muhimu kwetu. Raspberry Pi niliyonayo haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, huamka ikidhani ni wakati wa nyuma. WireGuard kwa usalama wake hukataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ile ya mwisho iliyopokewa, na mimi nilikuwa nimeelekeza mawasiliano yote yapite ndani ya handaki, yaani ile njia ya WireGuard, pamoja na yale ya kurekebisha saa. Saa haikuweza kurekebishwa mpaka handaki lifunguke, na handaki halikuweza kufunguka mpaka saa irekebishwe. Nilisafiri mpaka Chake Chake kwa jambo la dakika mbili. Sasa ndani ya handaki zinapita anwani zetu za faragha peke yake, na saa inarekebishwa nje yake.

Kwa kusafirisha natumia rsync, programu ya kunakili mafaili, juu ya SSH, njia ya mawasiliano yaliyofumbwa. Faili linapokuwa njiani huwa na jina la muda lililofichwa, na linapata jina lake halisi likikamilika, kwa hiyo ami yangu hawezi kufungua mchoro uliofika nusu. Mawasiliano yakikatika, vipande vinabaki katika folda iliyofichwa na kazi inaendelea pale ilipoishia, bila kulipia bando mara mbili.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kurudisha hesabu za duka Unguja kila siku: faili la hesabu lisinakiliwe wakati programu yake imefunguliwa, kwani nakala inaweza kuwa mbovu na usijue. Karakana ya ami inazimwa usiku, kwa hiyo kazi ya kunakili nimeipangia saa saba mchana, wanaposimamisha kazi kwa sala ya adhuhuri. XP inaweka nakala kwenye folda ya KUTOKA, kisanduku kinaipa tarehe na kutunza za siku 30, na mimi naichukua jioni. Kila Ijumaa naifungua moja huku Unguja na kusoma mauzo ya mwisho, kisha nampigia ami simu anisomee ya kwake. Pembeni ya kioo cha kompyuta yake amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono: "Funga hesabu kabla ya kwenda kutia udhu."